Kabla ya Kuirudia Gasoholi, Tuulizane Kuhusu Bei

Kila bei ya petroli inapopanda nchini, hutokea mkubwa au mtaalamu akatuambia kwamba ukombozi wetu umo shambani: katika miwa, katika mbarika, katika mbono, au katika mti fulani ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Bei inaposhuka, maneno hayo nayo hunyamaza. Mnamo Oktoba 2023 lita moja ya petroli iliuzwa jijini Nairobi kwa shilingi 217.36, bei ambayo hatukuwa tumewahi kuiona, na haikuwa ajabu kusikia tena habari za kuchanganya petroli na alkoholi ya miwa. Siandiki makala haya kwa nia ya kuubeza ushauri huo, kwani una ukweli ndani yake. Ninaandika kwa kuwa tulikwisha kuufuata kwa miaka kumi mizima, hapa hapa Nairobi, na wengi wetu tumesahau jinsi mambo yalivyoishia.

Tangu mwaka 1983 hadi mwaka 1993 magari ya jiji hili yalitiwa mafuta yaliyojulikana kwa jina la gasoholi. Ilikuwa ni petroli iliyochanganywa na alkoholi kwa kadiri ya sehemu kumi katika mia. Alkoholi yenyewe ilitoka Muhoroni, katika kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilichoanza kazi mwaka 1982, nayo ilitengenezwa kwa molasi, yaani ule uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Molasi huchachushwa kama inavyochachushwa pombe, kisha hutoneshwa kwa moto hadi ipatikane alkoholi isiyo na maji. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu kuhusu neno gasoholi, hudhani kuwa ni jina la dawa.

Asili ya jambo hilo ilikuwa ile misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na mwaka 1979, ilipobainika kwamba nchi isiyo na visima haina sauti sokoni. Brazil ilianza mpango wake wa alkoholi ya miwa mwaka 1975. Zimbabwe ikafungua kiwanda chake Triangle mwaka 1980, na Malawi ikafuata kule Dwangwa mwaka 1982. Kenya basi haikuwa nyuma. Tena ilikuwa imekwisha kuanza mradi mwingine mkubwa zaidi mjini Kisumu mwishoni mwa miaka ya sabini, mradi ambao ulimeza fedha nyingi za umma ukakwama kabla ya kukamilika, na jina lake likaja kutajwa katika uchunguzi wa mauaji ya Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, aliyeuawa Februari 1990. Kwa hiyo, tangu mwanzo, mafuta ya mimea katika nchi hii hayakuwa suala la mimea peke yake.

Sasa gasoholi ilikufa kwa nini? Si injini zilizoikataa. Alkoholi ya sehemu kumi katika mia huingia katika magari mengi ya petroli bila ya kubadilishwa chochote, na magari ya Brazil leo hutumia kiasi kinachozidi hicho mara mbili na zaidi. Gasoholi ilikufa kwa bei. Serikali ndiyo iliyokuwa ikipanga bei ya mafuta, na kadiri petroli ya nje ilivyokuwa rahisi, hasa baada ya bei ya dunia kuporomoka mwaka 1986, ndivyo makampuni ya mafuta yalivyokosa sababu ya kuipenda alkoholi, na kiwanda nacho kikakosa sababu ya kuwauzia. Mwenye kiwanda aliyeweza kupata bei nzuri zaidi kwa kuuza alkoholi yake ng'ambo, au kwa watengenezaji wa vileo, hakuwa na wajibu wa kuipeleka Nairobi kwa hasara. Hakuna aliyekuwa ameandika mahali popote panaposomwa na raia kwamba, mafuta ya nje yakiwa rahisi, hasara itabebwa na nani.

Kuna na suala la masafa, ambalo aghalabu husahauliwa. Bomba la mafuta lilikuwa likileta petroli kutoka Mombasa hadi Nairobi tangu mwaka 1978, na usafiri wa bomba ni rahisi kuliko wowote mwingine wa nchi kavu. Alkoholi ililazimika kuvuka Bonde la Ufa kutoka Muhoroni kuja kuchanganywa Nairobi, huku Kisumu, iliyo jirani ya miwa, ikipelekewa petroli iliyotoka upande wa pili wa nchi. Ukitazama ramani utaona kwamba tuliyapishanisha mafuta mawili njiani. Pendekezo lililotolewa karibu na mwaka 2010, kwamba uchanganyaji uanzie Kisumu, lilikuwa na busara kwa sababu hiyo, ingawa halikushika mizizi.

Malawi ni kioo kizuri cha kujitazamia. Nchi hiyo haina bandari. Kila lita ya petroli huifikia ikiwa imebeba gharama ya safari ndefu ya lori, na kwa hiyo alkoholi ya Dwangwa iliyo karibu huweza kushindana nayo. Wenzetu hao wamekuwa wakichanganya mafuta tangu 1982, kwa viwango vilivyobadilika kwa kutegemea mavuno, bila ya makelele. Tofauti yao na sisi haimo katika ujuzi wa kemia. Wao hesabu yao ilikubali, na yetu ilikataa, nasi hatukuketi chini tukaulizana tutaifanyaje ikubali.

Hesabu ya pili inahusu miwa yenyewe. Tani moja ya molasi hutoa takriban lita 250 za alkoholi, na miwa tani mia moja huacha kama tani nne za molasi. Ukitaka kuchanganya sehemu kumi katika mia kwa kila lita milioni moja ya mafuta, utahitaji lita 100,000 za alkoholi, ambazo ni tani 400 za molasi, ambazo ni tani 10,000 za miwa. Magari ya Kenya hunywa lita milioni kadhaa za petroli kila siku. Tukisema milioni tatu tu, basi ni tani 30,000 za miwa kila siku ya Mungu, karibu tani milioni kumi na moja kwa mwaka, kiasi ambacho kinapita miwa ambayo viwanda vyetu vimezoea kusaga. Na molasi hiyo hiyo inatakiwa na wafugaji kwa lishe ya ng'ombe na watengenezaji wa vileo kwa biashara yao. Yeyote atakayetuahidi gasoholi kwa nchi nzima bila ya kututajia idadi ya ekari, huyo anatuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Isitoshe, viwanda vyenyewe ni wagonjwa. Muhoroni uliwekwa chini ya mrasimu tangu mwaka 2001. Mumias, ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulifungua kiwanda cha alkoholi mwaka 2012, na kufikia Septemba 2019 kampuni nzima ilikuwa mikononi mwa mrasimu kwa ajili ya madeni. Mkulima asiyelipwa kwa wakati huing'oa miwa akapanda mahindi, na hapo hakuna sukari, hakuna molasi, wala hakuna alkoholi. Kumbe tangi la gari la Lavington limefungwa kamba moja na malipo ya mkulima wa Chemelil, na kamba hiyo haijapata kukaguliwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi, na msomaji ana haki ya kuuliza nimeingiaje humu. Nimeingia kwa mlango wa maneno. Kiswahili kina neno moja tu, mafuta, kwa kile kilicho sufurianiani na kile kilicho katika tangi. Lugha nyingine huvitenga vitu hivyo kwa majina mbalimbali, hata mtu akaweza kuzungumzia kimoja bila ya kukikumbuka cha pili. Sisi lugha yetu haituruhusu kusahau. Tunaposema mafuta ya mimea tunalazimika kuuliza: ya kukaangia au ya kuendeshea? Na swali hilo ndilo kiini cha mjadala wote, kwa kuwa Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia, hasa ya mawese kutoka Asia. Nchi inayoagiza mafuta ya kukaangia viazi haina budi kupima mara mbili kabla ya kuyatoa mashamba yake yakalishe injini.

Neno la pili ni mbono. Miaka ya 2000 ilipokaribia mwisho, dunia ilishikwa na homa ya mmea huu, ambao wageni huuita jatrofa. Tuliambiwa kuwa huota penye ukame, haugusi chakula, na mbegu zake zitaendesha malori. Kule Dakatcha, katika kaunti ya Kilifi, palipendekezwa shamba la hekta 50,000 ndani ya msitu unaotegemewa na wenyeji, na wenyeji pamoja na watetezi wa mazingira wakaupinga mradi hadi ukakwama. Huko Tanzania, kampuni ya BioShape ya Uholanzi iliyochukua ardhi Kilwa ilifilisika mwaka 2010, na Sun Biofuels ya Uingereza ikasimamisha kazi Kisarawe mwaka 2011, ikawaacha wanavijiji hawana ajira wala ardhi waliyoitoa. Na hapa Kenya uchunguzi uliofanyika mwaka 2009 kwa ushirikiano na taasisi za utafiti wa misitu ulikuwa umekwisha kubainisha kwamba mmea huo haumlipi mkulima mdogo, isipokuwa anapoupanda kama ua wa boma lake. Wazee wa pwani wangeweza kutuambia hayo kwa gharama ndogo. Wao huuita mbono kaburi, kwa kuwa kazi yake ya tangu hapo ilikuwa kuzungushia makaburi.

Leo zamu ni ya mbarika, ile ambayo Wakikuyu huiita mbariki. Tangu Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ina kiwanda cha kukamua mbegu katika kaunti ya Makueni, kilichojengwa kwa uwezo wa tani 15,000 za mafuta kwa mwaka. Shehena ya kwanza ilisafirishwa Oktoba 2022 kwenda Gela, kisiwani Sicily, ambako mafuta ya mimea hutiwa haidrojeni yakageuka kuwa dizeli. Ni lazima tuseme haki: mbarika hailiwi, huvumilia ukame, na mkulima wa Makueni aliyekosa mahindi kwa misimu mitatu hawezi kulaumiwa kwa kujaribu kingine. Lakini tuseme na la pili: safari hiyo inaisha katika barabara za Ulaya, ambako sheria huwalazimisha wauza mafuta kupunguza hewa chafu na kwa hiyo huwapa sababu ya kulipia mafuta ya aina hii. Kwetu hubaki mashudu, na bei ya mbegu aliyoahidiwa mkulima. Bei hiyo ikiyumba, mashaka ni yake.

Tukirudi jijini, inatupasa kuuliza ni magari gani hasa yatakayohitaji mafuta haya. Tuichukue barabara ya Waiyaki, inayotoka Westlands kupitia Kangemi na Uthiru. Humo mna makundi matatu. La kwanza ni mabasi na matatu yanayowaleta watu katikati ya jiji asubuhi na kuwarudisha jioni. Haya hupita njia ile ile na kulala mahali pale pale, na moshi wake huvutwa na wachuuzi wa soko la Kangemi kutwa kucha. Kwa kundi hili sioni haja ya kulima chochote. Mmea huhifadhi sehemu ndogo mno ya nguvu za jua, aghalabu isiyofika mbili katika mia, na injini hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za mafuta kwa joto. Umeme wetu, kwa karibu sehemu tisa katika kumi, hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Mabasi ya umeme yameonekana Nairobi tangu mwaka 2022. Hapo njia iko wazi, na kinachotakiwa ni mikopo ya masharti nafuu kwa wenye matatu.

Kundi la pili ni magari madogo ya watu wa Lavington, Kileleshwa, Loresho na kwingineko. Mengi ya haya yalinunuliwa yakiwa yametumika ng'ambo hadi miaka minane, na yataendelea kunywa petroli kwa miaka mingi, upende usipende. Hapa ndipo alkoholi ya molasi ina nafasi yake ya kweli, iwapo miwa ipo. Ila mwenye gari aambiwe ukweli: lita ya alkoholi ina theluthi mbili tu ya nguvu za lita ya petroli, na mchanganyiko wa kumi katika mia utampunguzia mwendo kwa kama sehemu tatu katika mia. Yafaa basi bei nayo ipungue kwa kadiri hiyo. Akigundua mwenyewe njiani kwamba mafuta hayamfikishi alikozoea kufika, atadhani ameibiwa, na hatakuwa amekosea sana.

Kundi la tatu ni malori ya Malaba na Uganda, yanayoonekana kwa wingi mtu akifika Gitaru, ambako barabara ya Southern Bypass inaungana na ile kuu. Lori la tani nyingi linalopanda milima ya Bonde la Ufa si rahisi kulitia betri kwa sasa. Kwa hili dizeli ya mimea haina upinzani mkubwa, wala si jambo geni: injini ya Dizeli iliyoonyeshwa Paris mwaka 1900 iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Tungeweza kuanza na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi katika mahoteli ya katikati ya jiji na Westlands, ambayo hayamnyang'anyi mtu shamba. Yapo pia mafuta ya mukinduri, mti unaoota katika nyua nyingi za mitaa hii ya magharibi na ambao mbegu zake huachwa ziozee chini. Hayo hayatatosha malori yote, lakini yatatufundisha kazi.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya mafuta hupangwa na serikali, na siku hizi mamlaka ya EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Iwapo alkoholi itarudi, bei yake iandikwe humo kwa kanuni iliyo wazi: kiwanda kinapata ngapi, mkulima anapata ngapi, na petroli ya nje ikishuka, tofauti inatoka mfuko gani. Gasoholi ya kwanza haikuwa na mstari huo. Pili, uchanganyaji uanzie karibu na miwa, magharibi mwa nchi, na Nairobi ingoje hadi alkoholi izidi mahitaji ya huko. Tatu, mkataba wowote wa kulimisha mbegu za mafuta uandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mkulima mwenyewe, usomwe barazani kabla ya kutiwa sahihi, na utaje waziwazi bei ya mbegu na atakayebeba hasara mvua isiponyesha. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mkataba ambao mmoja wa wanaoutia sahihi hawezi kuusoma ni amri iliyovishwa nguo za makubaliano.

Wako watakaosema kwamba masuala haya ya bei na mikataba ni madogo mbele ya tishio la kuchafuka kwa hali ya hewa ya dunia. Jibu langu ni kwamba hayo madogo ndiyo yaliyoizika gasoholi, ndiyo yaliyowaacha watu wa Kisarawe bila ardhi, na ndiyo yatakayoamua kama mbarika ya Makueni itadumu miaka kumi au miwili. Kemia ya jambo hili inajulikana tangu zamani. Wabunge wetu watakapoletewa tena mswada wa kuchanganya mafuta, wasianze kwa kuuliza kama injini zitakubali. Waanze kwa kuuliza bei ya petroli ya nje ikishuka kwa nusu, kama ilivyoshuka mwaka 1986, ni nani atakayemlipa mkulima wa Muhoroni.